Mistari Miwili ya Jedwali la Watoto

"Jina moja likiwa mara mbili, muongo njo nani?"

Papa Mulongo, fundi wetu, aliniuliza hivyo Jumatatu moja asubuhi, amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai mkononi, na mimi, mwenye shahada ya informatiki iliyonichukua miaka mitano na migomo miwili Lubumbashi, nilimpa maneno mengi ya chuoni.

Naandika kwa sababu ofisi yetu, au biro kama tunavyoiita, ina desturi: anayeondoka huacha daftari kwa watakaokuja. Nimeyasoma madaftari ya walionitangulia. Yote yanaeleza jinsi mwandishi alivyopanda cheo na nani alimwonea wivu. Hakuna hata moja linalosema ufunguo wa chumba cha seva unatunzwa wapi. (Uko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Mmekwisha kujua zaidi ya nilichojua mimi mwezi wangu wa kwanza.) Wenzangu wamenipa kitenge na kuniimbia wimbo wa wastaafu huku wakicheka, maana nina miaka thelathini na mitatu. Sawa. Nastaafu. Miaka minane ya kuangalia watu wazima wakiiombea mashine badala ya kuisoma inatosha kuitwa maisha ya kazi.

Kwa atakayefika bila kuelezwa chochote, kama nilivyofika mimi: biro hii ya Kalemie inatunza majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Wengi wako Katanika, kwenye kambi. Tunaandika jina la mtoto, mahali alipomwona mama yake mara ya mwisho, alama za mwilini, na nani anamlea sasa. Mzazi akipatikana, mashine inatoa fiche, karatasi ya safari yenye picha, na kwa fiche hiyo mtoto anaruhusiwa kupanda boti au lori. Bila fiche, habebwi. Yote yamo katika hifadhidata, ambayo sisi sote tuliita baze.

Siku ya kwanza shefu, mkuu wa biro, alinipeleka kuona seva. Ilikuwa imewekwa juu ya dawati la shule lenye majina ya wapenzi wa zamani yaliyochongwa kwa kisu. Pembeni kulikuwa na onduleri, lile sanduku la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika, nalo lilikuwa likilia kama kifaranga.

"Linalia nini?" niliuliza.

"Hilo njo kawaida yake, Madmazeli," shefu alisema. "Ukikaa siku mbili hutalisikia tena."

Lilikuwa likisema kwamba betri imekufa. Lilisema hivyo kwa miaka miwili, na kweli, tulikuwa hatulisikii tena.

Papa Mulongo nilimkuta amelala chini ya dawati lile, miguu tu inaonekana, akifunga waya kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alikuwa amefanya kazi kwenye reli, idara ya mawasiliano, mpaka treni zilipokuwa chache kuliko wafanyakazi. Alijifunza baze kwa kitabu cha maelekezo alichokichapisha kurasa zote na kukishona kwa uzi wa nyavu. Alikijua vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote wa chuo, na nilimchukia kwa hilo wiki nzima. Wala msidhani alikuwa malaika. Aliamini seva inahitaji kupumzika Jumapili kama injini ya treni, na aliizima kweli. Alikula dagaa juu ya kibodi. Na aliniita Mama Enjenyeri mbele ya watu kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima hata kidogo.

Mwaka uleule likaja agizo la Sifuri Karatasi. Tulikaa semina ya siku tatu katika ukumbi wenye mapazia, tukala kuku, tukaambiwa kwamba madaftari yote yafungwe, kila kitu kiingie kwenye mashine. Kila mshiriki alipewa, kwa kumbukumbu, daftari. Mimi peke yangu nilicheka.

Lakini sikucheka nilipotumwa Katanika kulitekeleza. Karani wa kule alikuwa Mama Feza, mama mnene, mpole, aliyekimbia kutoka mwambao wa kaskazini na kuandika watoto tangu siku ya kwanza ya kambi. Alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, limefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Nilimpa kompyuta, nikamwonyesha antena inayomuunganisha na seva yetu mjini, nikamwambia daftari basi.

"Na siku mashine ikilala?" aliuliza.

"Mama, karatasi njo kaburi. Ukiandika humo, nani atapata?"

"Mimi," alisema.

Nikaripoti kwamba karani wa Katanika ni mgumu kuelewa. Naomba ripoti hiyo isitafutwe.

Sasa niwaeleze kosa letu, maana hakuna biro nyingine ambayo ingelifanya kwa ibada kama sisi. Kila Ijumaa saa tisa tulikuwa na kopi, yaani nakala ya akiba ya baze. Shefu mwenyewe alikuja na disiki ya nje, akaichomeka kwenye seva, akafungua folda ambamo baze inaweka mafaili yake, akachagua yote, akayaburuta. Wafanyakazi waliitwa kushuhudia. Na seva ilikuwa ikifanya kazi wakati wote huo, Katanika wakiendelea kuandika. Ni kama kumpiga picha mtu anayekimbia, mguu kwanza, kichwa baadaye, kisha ukashangaa picha haina kiuno. Baze ina amri yake yenyewe ya kujitolea nakala safi. Niliieleza mara tatu. Shefu alinijibu kwamba kopi ya kuburuta inaonekana kwa macho, hiyo ya amri haionekani.

Basi Alhamisi moja umeme ukakatika mchana, onduleri lisilo na betri likanyamaza kwa mara ya kwanza, na seva ikaanguka katikati ya kazi. Iliporudi, baze ilikataa kuwaka. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, Papa Mulongo alikuwa msibani. Shefu akamleta mtaalamu kutoka Lubumbashi aliyekuwa mjini kwa shughuli nyingine, kijana wa viatu vyenye ncha na simu mbili. Mtaalamu alichukua disiki ya Ijumaa, akachagua bila kutazama tarehe kopi ya wiki tano nyuma, akayaburuta mafaili kuyarudisha ndani ya folda ileile, juu ya yale yaliyokuwamo. Mashine ilipomuuliza kama ibadilishe mafaili yaliyopo, mengine alijibu ndiyo, mengine hapana, kwa jinsi mkono wake ulivyopenda. Baze ikawaka Ijumaa mchana. Watu wakapiga makofi. Akapewa cheti.

Sijawahi kupewa cheti.

Jumatatu nikarudi, bado nina homa, nikakuta kazi moja inasubiri. Mtoto wa Katanika anaitwa Riziki, miaka sita. Mama yake alikuwa amepatikana Moba wiki tatu kabla, na alikwisha kwenda bandarini mara mbili kumpokea mtoto asiyefika: mara ya kwanza boti liliharibika, mara ya pili fiche ilikosa sahihi, ikachanwa. Boti lingine lilikuwa Alhamisi. Na familia iliyomlea Riziki ilikuwa imepata nafasi kwenye lori la kurudi kwao Kongolo siku ya Ijumaa, naye wasingeweza kumwacha peke yake. Mama Feza aliniambia kwenye simu: "Akikosa Alhamisi, anakwenda Kongolo, na tunaanza kumutafuta upya." Hilo ndilo lililokuwa mezani. Fiche moja, siku tatu.

Nikamtafuta Riziki kwa namba yake. Mashine ikasema: mama hajulikani. Nikafungua orodha nzima ya watoto, nikaishusha mpaka jina lake. Mashine ikasema: mama yuko Moba. Nikarudia. Mtoto mmoja, baze moja, dakika ileile. Nikaomba nakala safi kwa ile amri yangu ninayoipenda, ikakataa katikati ya kazi, ikilalamika kwamba imekuta kitu kilekile mara mbili.

Wasomaji wangu wa baadaye, someni hapa polepole. Baze ina majedwali yenu, kama hilo la watoto. Lakini ina pia majedwali yake ya ndani, ambayo kazi yake ni kuorodhesha majedwali mengine. Hiyo ndiyo katalogi. Humo kila jedwali lina mstari wake: jina, na namba ya faili ambamo limehifadhiwa kwenye disiki. Mstari mmoja tu. Mashine yenyewe inakataza wa pili, na inalinda sheria hiyo kwa faharasa, orodha fupi ya kutafutia kwa haraka. Kwa hiyo ukiuliza kwa njia ya faharasa, faharasa iliyoharibika itakuonyesha mstari mmoja na kukuapia kwamba hakuna mwingine. Ni kama kumuuliza mwizi kama kuna mwizi.

Papa Mulongo akavuta kiti. "Izuie faharasa," alisema. "Isome katalogi yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kama mutoto wa shule."

Nikaiamuru isitumie faharasa. Ikasoma kidogokidogo, na ikatoa mistari miwili: watoto, na watoto. Jina lilelile, mwenye jedwali yuleyule, lakini kila mmoja ukielekeza kwenye faili lake. Jedwali lilikuwa limehamishiwa faili jipya mwezi ule, kazi ya usafi ya kawaida ambayo tuliifanya wenyewe. Mtaalamu kwa kuburuta kwake alikuwa amelifufua faili la zamani pamoja na mstari wake. Tangu Ijumaa, kutegemea mlango ulioingilia, baze ilikufungulia nyumba hii au ile.

Hapo ndipo Papa aliponiuliza muongo ni nani.

Nikampigia shefu, aliyekuwa semina. "Futa wa juu," alisema papo hapo. "Wa chini njo mupya. Hata kwenye daftari, kipya kinaandikwa chini."

"Shefu, baze haijazi hivyo. Mstari ukifutwa, nafasi yake inabaki wazi, na kipya kinaweza kuingia palepale juu."

"Madmazeli, mimi niko na miaka ishirini ya uongozi."

Nikakata simu. Nawaambia kwa sababu hiki ni kitu cha kazi, si matusi: kila mstari una anwani iliyofichwa, namba ya ukurasa na namba ya nafasi. Anwani hiyo ndiyo pekee inayokuwezesha kushika mmoja kati ya miwili inayofanana kwa kila kitu. Lakini haisemi nani mkubwa. Ukimtii shefu, unafuta jedwali zima la watoto walio hai.

Jumatatu ilikwisha hivyo. Jumanne tuliisimamisha seva kabisa, tukachukua kopi ya folda nzima ikiwa baridi, haiandiki chochote. Hiyo ndiyo kopi pekee ya kuburuta ninayoiruhusu. Kisha tukawasha, tukawakatia Katanika mawasiliano, nikatazama ndani ya kila faili kwa zamu. Faili la mstari wa juu: Riziki, mama yuko Moba. Faili la mstari wa chini: Riziki, mama hajulikani. Mambo yakawa wazi. Wa juu ni mpya, wa chini ni maiti iliyofufuka. Shefu alikosea kwa asilimia mia, na nakiri nilisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Ngoja kwanza," Papa Mulongo alisema. "Kwenye reli, wagoni mbili zikifika na namba moja, hatufuti hata moja. Tunafungua milango, tunaangalia ndani. Umehesabu pande zote mbili?"

"Papa, ya zamani ni ya zamani. Nini kitakuwa mule ambacho hakiko kwenye mpya?"

"Mimi sijui. Njo maana nauliza."

"Hapa si stesheni, Papa. Na Alhamisi njo kesho kutwa."

Alinitazama, akanywa chai yake. "Haya, Mama Enjenyeri. Treni njo yako."

Nikaandika amri ya kufuta kwa anwani ile, ukurasa na nafasi, ndani ya muamala ambao ningeweza kuurudisha nyuma. Mashine ikasema: mstari mmoja umefutwa. Kama ingesema miwili, au sifuri, ningerudi nyuma. Kumbukeni hilo. Nikathibitisha. Kisha nikaijenga faharasa upya, nayo ilikubali, maana haikukuta tena pacha. Safu za jedwali nazo zilikuwa na pacha wao katika katalogi, tukawashughulikia hivyohivyo mpaka saa kumi. Nikaomba nakala safi, ikatoka nzima. Nikaimwaga kwenye baze mpya kabisa, nikawarudishia Katanika mawasiliano, nikaiacha ile ya zamani ife kwa amani. Baze iliyowahi kushikwa katalogi kwa mkono msiiamini tena, hata ikitabasamu.

Fiche ya Riziki ilichapishwa Jumatano asubuhi. Mama mzazi yuko Moba. Picha, muhuri, sahihi. Niliiinua juu kama kombe.

Saa tano Mama Feza akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua maneno.

"Mama, fiche ngapi zinakuja?"

"Moja, Mama Feza. Ya Riziki."

"Moja."

"Ndiyo, moja. Kwani unangoja ngapi?"

Nilisikia watoto nyuma yake, na mtu akipiga chuma. "Haya, mama," alisema. "Tuma hiyo."

Nikaweka simu chini nikamwambia Papa Mulongo: "Huyu mama hata kuhesabu mpaka moja ni kazi." Papa hakucheka. Mimi nilicheka.

Alhamisi boti likaondoka, na Riziki akiwamo. Shefu aliandika ripoti ambamo tatizo lilitatuliwa na uongozi. Ile kopi baridi, yenye mafaili yote mawili, niliiandikia kwa kalamu nyekundu "USIFUTE". Mwezi uliofuata shefu aliifuta ili apate nafasi ya picha za semina. Nilipomwuliza kama hakuona maandishi, alisema aliona, lakini hayakuwa na muhuri.

Papa Mulongo aliacha kazi mwaka uliofuata. Aliniachia kitabu chake kilichoshonwa, kinanuka dagaa mpaka leo, nacho kiko kwenye droo ya pili. Hakuwahi kuniuliza tena lile swali, nami niliamini nimelijibu: muongo alikuwa wa chini. Nililisimulia katika mafunzo mara nyingi, nikiwacheka shefu na mtaalamu wa viatu vyenye ncha, na watu walicheka pamoja nami.

Mwaka huu, miezi miwili kabla ya kuacha, nilitumwa Moba kufunga kompyuta mpya. Siku ya pili mama mmoja alikuja mlangoni na samaki aliyefungwa kwenye majani. Aliuliza kama ni mimi wa Kalemie niliyetengeneza karatasi ya mutoto wake. Nikajifanya sijali, lakini nilinyoosha mgongo. Alikuwa mama yake Riziki.

"Wako salama?" niliuliza. Kwa Kiswahili chetu cha adabu humuuliza mtu hali ya nyumba nzima.

"Wote wawili," alisema. "Mukubwa yuko shuleni. Mudogo anasumbua."

"Mdogo umemzaa huku?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Si mulinitumia wote pamoja?"

Alifungua kitambaa kiunoni, akatoa plastiki, na ndani yake fiche yangu, imekunjwa mara nne, picha ya Riziki imeanza kufifia. Akaigeuza. Nyuma yake ilikuwa imebanwa kwa pini karatasi ya mistari, imechanwa kutoka daftari kubwa, yenye muhuri wa kambi wa zamani ambao sisi tulikwisha kuupiga marufuku.

Hapo nikaelewa: tangu Ijumaa ile ya makofi mpaka Jumanne niliyowakatia mawasiliano, mashine ya Katanika ilikuwa ikiingia kwa mlango mwingine. Kila alichoandika Mama Feza siku zile kilikuwa kimekwenda kwenye faili la zamani, lile la mstari wa chini, nililolifuta kwa mkono wangu bila kuhesabu. Sikumwambia mama yule. Nilisoma karatasi nikamrudishia.

Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi za mtu asiye na haraka:

"Neema, miaka mitatu, mudogo wa Riziki, alikuwa hema lingine. Nimemuandika kwenye mashine Jumamosi. Jumatano mashine haimujui. Mimi namujua. Wapande pamoja. Feza."